Mistari Kumi na Miwili

Jumatatu, tarehe 4 Machi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakidondoka, mwalimu wa kompyuta aliketi mbele ya mashine ya kwanza kati ya arobaini zilizoletwa shuleni.

Muuzaji, ambaye zamani alilala naye bweni moja, alimnyooshea kalamu na hati ya kupokea mashine. "Tia sahihi, kaka. Kibandiko kinasema prosesa ya viini vinane. Ukivunja lakiri uchungulie ndani, dhamana imekwisha."

"Sivunji kitu."

Alifungua kivinjari, akaita ukurasa alioandika mwenyewe: mistari kumi na miwili ya msimbo, kazi yake kuiuliza mashine ina nini tumboni.

Kioo kikajibu: viini viwili. Mashine ya pili, viwili. Ya tatu, vilevile. Kifua cha mwalimu kikajaa fahari.

Muuzaji akashusha sauti. "Umesahau nani alikiri kosa lako mbele ya mwalimu mkuu? Nilifyeka nyasi wiki nzima!"

"Sijasahau hata siku moja." Mwalimu aliifunika kalamu, akamrudishia mkononi. "Nyasi nitakufyekea, kaka, uwanja mzima, hata leo. Sahihi hupati."