Waya Ukutani

Radi ya kwanza ilipopiga, kompyuta ya mezani ya Sikudhani ilikuwa katikati ya kutuma kazi yake. Tangu binti yake Tunu augue ugonjwa wa damu, mama huyo alikuwa akiwaazima watafiti wa mbali mashine yake. Kila ilipokaa bure iliwapigia hesabu za kutafuta dawa, pamoja na mashine za maelfu ya watu wengine wa kujitolea. Sasa hesabu ya mwezi mzima ilikuwa ikipanda mtandaoni, na mwisho wa kupokelewa ulikuwa jioni hiyo hiyo.

"Chomoa waya, mama Tunu!" mumewe, Mbaruku, alimpigia kelele. "Utatuunguza!"

"Nikichomoa, kazi itapotea."

"Ikipotea wataipiga upya. Sisi je?"

Radi ya pili ilitikisa mabati. Sikudhani alifumba macho, akachomoa. Skrini ikawa nyeusi, naye akahisi kama amempokonya mwanawe kikombe mdomoni.

Mvua ilipopungua aliurudisha waya ukutani, akaiwasha mashine. Hakuthubutu kutazama. Mbaruku ndiye aliyesoma.

"Inasema inaendelea kutuma. Haijaanza upya, mke wangu. Imeshika palepale ilipoachia."

Sikudhani akainua macho. Mstari wa kijani ulisogea kidogo, ukasita, ukasogea tena.

Nyuma ya vilima umeme ukamulika, na ngurumo ikafuata upesi. Mbaruku akainama, akaushika waya ukutani, asiuvute. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa akiutazama mstari.