Ukuta Unaosema Ta

Ta.

Sauti hiyo ndiyo ilimtoa Fundi Nyamai kwake Kasikeu asubuhi ile, hadi mji wa Sultan Hamud, kwa mjane Wayua. Miaka tisa sasa, kila mvua ikinyesha naye amejilaza kitandani, ukuta wa Wayua humlilia masikioni. Ta. Pasta alimwombea mara mbili. Sauti haikuhama.

“Mwaitu, mama yetu, toa watu nje,” alisema hata kabla ya kukaribishwa. “Ukuta huu utawaangukia.”

Wayua alikuwa akichagua ndengu. “Umesimama miaka tisa, Fundi. Utangoja unywe chai.”

“Hauna chuma.”

Hapo akatapika yote. Mwaka ule alikuwa na nyumba mbili mkononi, ya Wayua na yake mwenyewe. Wayua alinunua mikanda ya chuma, ile inayolazwa kwenye simiti kila baada ya safu mbili za mawe, ili ukuta ushikane udongo ukifura kwa mvua. Nyamai hakununua hata mmoja. Kisha akaitwa kazi Kyuso. Nyumba zote akamwachia msaidizi wake Ndeti, na agizo moja: chuma cha Wayua kijenge kwangu. Aliporudi, alikuta plasta imeshapigwa kote kuwili.

Wayua hakushtuka. Alimshika mkono kama anayeongoza kipofu, akampeleka nyuma ya nyumba. Jana yake mwanawe alikuwa ametoboa ukuta aweke mlango. Pale palipokatwa, ncha za chuma zilichungulia: safu mbili, mkanda, safu mbili, mkanda, hadi juu.

“Ndeti alikuwa mzee wa kanisa letu,” Wayua alisema. “Aliniambia kabla afe. Hata mkanda mmoja haukutoka hapa. Akasema wewe usiambiwe, una hasira za karibu.”

Nyamai alicheka mpaka akakaa chini kwenye kifusi. Miaka tisa anaogopa ukuta mzima!

Matone ya kwanza yakagonga mabati. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akatoa simu, akampigia mkewe.

“Syombua, mko wapi?”

“Tutakuwa wapi na mvua hii, Baba Nduku? Huku haijakatika tangu utoke. Wajukuu nimewalaza kitandani kwako, pale ukutani. Ndipo hapavuji.”

“Watoe.”

“Eti? Sikusikii vizuri, kuna kitu kinalia humu.”

Nyamai alikuwa ameshakisikia.

Ta.