Sauti ya Tusekile

Sheria inataka kila gari limwonye dereva kwa sauti ya mwanawe, maana milio ya kawaida tulishaizoea. Lori langu huniita “Mama” mara mia mbili kwa siku. Mama, punguza mwendo. Mama, kona hiyo.

Juzi mwanangu Tusekile alimwagikiwa na chai ya moto jikoni. Aliniita mara tatu, nami nikaendelea kukunja nguo.

Leo nimekata waya wa spika. Mkaguzi wa magari akanisimamisha, akauona waya.

“Dada, leseni utaipoteza.”

“Ichukue,” nikamwambia, nikaiweka kiganjani mwake. “Mwanangu si honi.”

Nililiacha lori pale pale, nikatembea hadi nyumbani. Tusekile hakuniita. Alinivuta kanga kwa mkono wenye bandeji, akasubiri nigeuke.