Sheria ya Kobe ya Nyumba Imara

Kobe, mbunge aliyezaliwa na nyumba mgongoni, alimhurumia Panya aliyeishi na wanawe katika kibanda cha nyasi.

"Mama, hii si nyumba," alisema. "Nitawatetea."

Akapeleka sheria bungeni: kila mnyama alale katika nyumba imara kama yake, na vibanda vya nyasi vibomolewe. Wenzake wakagonga meza kwa furaha. Tembo wa kubomoa walifika siku hiyohiyo. Wa kujenga hawajaonekana mpaka leo.

Mvua ikanyesha siku tatu. Panya akaja amembeba mwanawe wa mwisho, aliyekufa kwa baridi.

"Mheshimiwa, kibanda changu kilivuja, lakini asubuhi wanangu walikuwa wanaamka."

Kobe alimtazama yule mtoto. Kisha tone la mvua likamwangukia puani, akaingiza kichwa ndani.