Spana Namba Kumi

"Hakuna ndege itakayoruka," alisema Renita Hollis, akalifungua sanduku la zana mbele ya mkuu wake.

Ndani, kila spana ililala katika shimo lililochongwa kwa umbo lake. Shimo la namba kumi lilikuwa tupu.

Brackett, mkuu wa mafundi, alitazama saa. Juu ya sitaha ndege nne zilikuwa zimeshawekwa kwenye mitambo ya kuzirusha, na rubani wa ile ya kwanza, Luteni Swenson, alikuwa ameshafunga mkanda.

"Hollis, manowari hii ina watu elfu tano. Ina tanuri mbili za nyuklia. Unataka niisimamishe kwa ajili ya kijispana cha urefu wa kidole?"

"Injini ikikifyonza hicho kijispana, Mkuu, rubani hana pa kukimbilia."

"Labda kimeanguka baharini."

"Labda."

"Basi andika kwamba zana zimetimia, utie sahihi, tumalize. Mwezi ujao unapanda cheo, usijichimbie kaburi. Tangu lini fundi akamzuia rubani?"

"Mimi siwezi kumzuia. Shimo hili linaweza." Akaisukuma kalamu kando. "Siandiki. Unampigia nahodha wewe, au nimpigie mimi?"

Brackett alipiga simu. Kwa maneno aliyoyatoa kabla ya kuinua mkono wa simu, mama yake Renita kule mjini Mobile, Alabama, angemsugua kinywa kwa sabuni.

Injini zikazimwa, marubani wakashushwa. Wakaitwa wapishi, makarani, wauguzi na kila asiye zamuni. Watu mia tatu walijipanga bega kwa bega kutoka ukingo hadi ukingo, wakaanza kutembea polepole wakiwa wameinama, wakitafuta kwenye chuma cha sitaha kama wachambua mchele.

"Nani kapoteza?"

"Yule fundi wa Alabama."

"Aombe nisimkute kwenye foleni ya chakula."

Renita alisikia yote. Alijipenyeza mstarini mpaka akawa ubavuni mwa Swenson. Huyu ndiye aliyemfundisha hesabu za mtihani wa cheo, jioni baada ya jioni, na hata siku moja hakumcheka. Alfajiri ya leo alikuwa amewagawia mafundi biskuti zote alizotumiwa na mama yake, hakujibakizia hata moja, kisha akampa kila mmoja mkono na kumshukuru.

"Samahani kwa kukuharibia safari, Luteni."

"Hujaharibu kitu, dada."

"Kahawa umekunywa?"

Swenson alifikiri, kana kwamba ameulizwa swali gumu. "Leo? Sikumbuki."

"Hollis!" Brackett alifoka kutoka nyuma. "Spana haiko usoni kwa Luteni. Tazama chini."

"Natazama panapostahili, Mkuu."

Mstari mzima ukacheka, isipokuwa Swenson.

Walipofika mwisho wa sitaha, walikuwa wameokota skrubu mbili na kifungo cha shati. Nahodha akaamuru wageuke, warudie. Jua lilikuwa limeanza kuunguza shingo, na sasa hakuna aliyecheka. Katikati ya manung'uniko hayo Renita alimshika Swenson kiwiko, akatoka naye mstarini, wakashuka ngazi pamoja bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nusu saa baadaye aliingia ofisini kwa Brackett peke yake. Fomu ya adhabu ilikuwa tayari mezani, na jina lake limeshaandikwa kwa herufi kubwa.

"Umeacha watu mia tatu juani ukaenda kutembea," Brackett alisema. "Cheo usahau. Na huenda hata hicho ulicho nacho wakakuvua. Haya, niambie, mara ya mwisho uliiona wapi?"

Renita aliinama, akalegeza kamba za buti la kushoto, akaitoa spana namba kumi, akaiweka juu ya fomu.

"Imo humu tangu alfajiri," alisema. "Luteni yuko kwa kasisi, analia, na hatimaye anazungumza. Hakukusudia kurudi na ndege ile. Andika utakacho, Mkuu. Leo harushwi."