Nta ya Ubao wa Ndeshi

Kabla ya alfajiri, kikwaruo kilisikika jikoni, kwaru, kwaru. Sifuni alikuwa akiondoa nta aliyoipaka jana kwenye ubao wa kutelezea thelujini wa mdogo wake, Ndeshi. Ilikuwa nta ya theluji laini, na mlimani theluji ilikuwa imeganda. Ubao ungenata, na Ndeshi angeshindwa mashindano ya leo.

Jana Sifuni alilitaka hilo. Kabla goti lake halijavunjika, yeye ndiye aliyekuwa akishangiliwa mteremkoni. Lakini leo alipoamka kuwasha jiko, alikuta Ndeshi amempangia kuni juu ya benchi, asihangaike kuinama.

Alikuwa amemaliza kupaka nta nyingine Ndeshi alipoingia.

“Shikamoo, dada. Bado unaubembeleza tu huo ubao?”

“Marahaba. Nilikosea nta.”

“Wewe? Labda umezeeka!”

“Nilikosea makusudi, Ndeshi.”

Kicheko cha Ndeshi kikakatika. Ndeshi alipitisha kiganja chini ya ubao, polepole, kutoka ncha hadi ncha. Kisha akauweka begani, akafungua mlango, baridi ikaingia.

Sifuni alisimama, ameshika ukuni mmoja.

“Urudi nyumbani,” alimwambia Ndeshi. “Hata ukishinda, nitakushangilia.”