Nyuzi Tisini na Tatu

Bimurza hakuwa na nyusi. Hakuwa na mke. Mairo, mkewe, alifia njiani na mimba yake ya pili, akiburutwa juu ya theluji kupelekwa kwa mkunga. Hakuwa na jirani, maana nyumba mbili za upande wa juu zilihamia mjini zamani. Kutoka jeshini hakuwa na nishani wala pensheni, ila mkanda wa ngozi alioupata katika kituo cha hali ya hewa. Na Jumapili ile, mbele ya binti yake na mkwewe, hakuwa na adabu.

"Leteni maji!" alifoka.

Nyusi zilikwenda na moto wa Septemba. Alikuwa akipika araki ya shayiri, kinywaji cha Wasvani wote wa milima hii, kwa kuwa zabibu hazioti huku. Kuni zilizidi, uji ukafurika ukaziba mrija, unga uliokandwa wa kuzibia sufuria ukafyatuka, na mvuke ukashika moto usoni pake.

Pirimze, binti yake wa pekee, alipopata habari alipanda kutoka Poti, pwani, na tumbo la miezi saba.

"Huachwi tena peke yako na moto, Baba," alisema. "Nitajifungulia hapa hapa, kama Mama alivyonizaa mimi."

Jambul, mumewe, alimfuata. Wiki nzima alimbembeleza warudi kabla theluji haijafunga barabara. Hakusikilizwa. Mwisho akamgeukia mzee.

"Baba, sema naye wewe. Wewe atakusikia."

"Mke ni wako au wangu?" alijibu Bimurza. "Kichwa kile alikitoa kwangu. Maneno hayakiingii."

Ndipo Jambul akatoa zawadi yake: kipimajoto cha mshale, cha kuchomeka kwenye kifuniko cha sufuria, ili mzee aone joto likipanda na kupunguza kuni mapema.

"Akiwa na hiki, Pirimze, huna sababu ya kubaki."

"Chuma hakimwagi maji kwenye moto," alisema Pirimze, akaendelea kukanda unga wa mikate ya nyama.

Bimurza alikigeuza kipimajoto mbele na nyuma. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akautazama mlima kupitia dirishani. Vilele vilikuwa vimeshavaa weupe.

"Kina karatasi? Isome. Kwa sauti."

Jambul alisoma kwa fahari: "Kujua kama ni kizima, kitumbukize katika maji yanayochemka. Mshale usimame kwenye mia moja."

Hapo ndipo mzee alipofoka aletewe maji.

Birika lilitokota mpaka kifuniko kikarukaruka. Mshale ulipanda, ukasimama kwenye tisini na tatu. Bimurza aliongeza kuni. Tisini na tatu. Akaongeza tena. Tisini na tatu.

"Labda safari imekitikisa," alisema Jambul taratibu.

"Safari! Umeniibia nyuzi saba halafu unaisingizia safari? Nione tisini na tatu kumbe ni mia, sufuria linipasukie? Unataka kumalizia nyusi zangu?"

"Huna hata moja, Baba," alisema Pirimze, akijaribu kuwachekesha.

Bimurza alipiga meza, vikombe vikaruka.

"Mla dagaa wewe! Nilikupa binti, unaniletea mauti ndani ya karatasi ya zawadi!"

"Baba! Huyo ni mume wangu."

"Basi mfuate!"

Aliichukua picha takatifu ya Mtakatifu Giorgi ukutani. Kwa Wasvani, mtu akiapa kwa picha ile, hata waliouliana ndugu huweka silaha chini, na kiapo hakirudishwi.

"Naapa mbele ya Giorgi: mtu aliyeniletea kitu cha uongo hatalala chini ya paa hili, yeye wala mke wake wala mtoto wao!"

Pirimze alikauka, unga mikononi. Kilichokatika kilikuwa kimekatika.

"Mtoto wangu hatalijua jina lako," alisema Pirimze. Hakulia. Alivaa koti.

Gari la Tariel, linaloteremka bondeni mara moja kwa wiki, lilikuwa limeshasimama langoni, na Tariel mwenyewe alikuwa akifunga minyororo kwenye magurudumu. Walipokuwa wanapanda, Bimurza aliwatupia furushi kupitia dirisha la gari.

"Na mikate yenu ya nyama! Sitaki makombo ya watu wa pwani!"

Ilikuwa sita, mizima, bado ya moto.

Aliingia ndani akabamiza mlango. Sufuria la araki lilikuwa likinguruma jikoni. Alichomeka kipimajoto kwenye kifuniko, akakizungushia unga vizuri kwa kidole gumba, akasoma mshale, akavuta gogo moja kutoka motoni. Kisha akaketi, akalamba ncha ya penseli, akaandika.

"Jambul, mwanangu. Kipimajoto chako hakina kasoro. Huku juu maji huchemka kwenye tisini na tatu tangu enzi za Nuhu, nilifundishwa jeshini. Kwa hiyo sikuapa uongo, na wewe kiapo hakikuhusu. Usimwambie Pirimze mpaka mtoto alie mikononi mwa daktari."

Alikunja karatasi, akaibana kwa kibonge cha unga wa kuzibia sufuria. Akatoka nayo huku akitukana kwa sauti, ili asikike mpaka ndani ya gari, akaisukumiza katika mfuko wa Tariel, aliyekuwa bado akikaza mnyororo wa mwisho.